Jiwe Lililobaki Ndani ya Gari

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya ziwa, Laure aliamshwa na mlio wa kopo likigonga ukingo wa pipa la maji. Aliamka, akanawa uso, kisha akasimama mlangoni kulitazama Ziwa Tanganyika mpaka aitwe mara ya pili. Saa hizo ziwa halikuwa na rangi bado. Ukungu ulikuwa umelala juu yake, na mitumbwi iliyotoka kuvua ndagala, wale dagaa wa ziwani, ilirudi polepole. Ukiikazia macho, hukujua kama inapita juu ya maji au inaelea hewani.

"Laure! Weye unalala umesimama?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

Swali hilo alikwisha kulizoea. Nyumbani walimwita mwota ndoto, na shuleni walimwita hivyo hivyo, wala hawakumsingizia. Alikuwa msichana wa darasa la sita, hodari wa hesabu, lakini mawazo yake hayakukaa kitini. Mwalimu alipoanza kueleza habari za mito ya Kongo, Laure alikuwa ameshaingia ndani ya mtumbwi zamani, anateremka Mto Lukuga peke yake, na wenzake wakicheka ndipo alipogundua kwamba ameulizwa swali.

Siku zisizo za shule, Laure alifuatana na baba yake kazini. Papa Kalala alikuwa na teksi ya buluu, gari dogo la zamani kidogo, ambalo alijivunia kupita kiasi kwa sababu lilikuwa na turbo.

"Hii moteri iko na mapafu mawili," aliwaambia abiria, wapende wasipende. "Ingine zinapumua zenyewe tu. Hii inasukumiwa hewa."

Hata hivyo, gari hilo lenye mapafu mawili lilikuwa na magonjwa yake. Betri ilikuwa imechoka, kwa hiyo Papa Kalala hakupenda kuzima moteri akiwa na safari fupi. Tena fren, yaani breki, ya mkono ilikuwa inashika ikitaka, na isipotaka inaachia. Papa alisema ataitengeneza wiki ijayo. Wiki hiyo ijayo ilikuwa haifiki, na badala yake kulikuwa na jiwe. Lilikuwa jiwe zito, bapa upande mmoja, nalo lilikaa miguuni pa Laure. Gari liliposimama kwenye mteremko, na katika mji wa Kalemie uliobanana kati ya vilima na ziwa miteremko haikosekani, Laure aliruka chini akaliweka mbele ya gurudumu. Wakati wa kuondoka, alilitoa.

"Fren yangu njo huyu," Papa Kalala alisema, yaani ndiye huyu, huku akimpapasa binti yake kichwani, na Laure alijisikia mtu mkubwa.

Jumamosi moja walikwenda kuchukua mizigo ya ndagala kwa akina mama wanaoanika samaki ufukoni. Papa Kalala alisimamisha gari pua ikielekea ziwani, karibu na kipande cha reli ya zamani kilichosimikwa ardhini. Zamani kilikuwa nguzo ya ua, lakini ua wenyewe ulikwisha kuondoka, kikabaki chuma peke yake. Papa alivuta fren ya mkono, akaiacha moteri ikinguruma, akatoka.

"Jiwe, Laure!"

"Ndiyo, Papa."

Na kweli alitaka kuliweka. Aliinama, akaligusa. Lakini alipoinua macho aliliona ziwa. Jua la mchana lilikuwa limelilaza kimya, likawa jeupe, na mbali kabisa milima ya ng'ambo ilionekana kidogo, kisha haikuonekana, kisha ikaonekana tena. Harufu ya samaki waliokaukia juani ilimjia pamoja na joto. Moteri ilikuwa ikinguruma chini yake sauti moja, taratibu, kama nyanya anayembembeleza mtoto. Laure alisema moyoni ataliweka jiwe sasa hivi. Akaegemeza kichwa kidogo tu.

Aliota yumo mtumbwini anakwenda Mpala, kwa nyanya yake. Hakukuwa na kasia, wala hakuwepo mpiga kasia. Mtumbwi ulijiendea wenyewe, bila haraka, na maji yalikuwa laini mno hata hayakutoa sauti. Ufuko wa Mpala ulisogea. Alimwona nyanya amesimama mchangani amenyoosha mikono yote miwili. Halafu mtumbwi ukafika. Dum! Uligusa nchi kavu kwa upole, upande wa kushoto, chini karibu na miguu yake, na papo hapo kitu fulani kikalia kwa sauti ndogo, mfano wa mtu aliyeshusha pumzi.

Laure alifumbua macho. Ziwa lilikuwa pale pale. Moteri ilinguruma. Ile nguzo ya reli aliiona mbele ya kioo, karibu, karibu sana. Jiwe lilikuwa bado miguuni pake.

Kabla hajawaza jambo lolote, Papa Kalala alitokea na gunia begani na simu sikioni, akalitupa gunia nyuma, akaingia.

"Toa jiwe, twende! Wateja wanatungoja."

Maneno yalikuwa tayari kinywani: Papa, sikuweka jiwe. Yalifika kwenye meno, yakarudi. Laure alifungua mlango, akashuka, akainama penye gurudumu, akashika hewa tupu, akainuka mgongo umepinda kama mtu aliyebeba kitu kizito. Alirudi kitini akafunga mlango. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Baba yake, aliyekuwa akibishana kwenye simu, alirudisha gari nyuma, akashika njia.

Sikusema uongo, Laure alijiambia. Sikusema neno lolote.

Njiani walisimama kwa Mama Séraphine. Huyu alikuwa kadafi, yaani muuzaji wa esanse, mafuta ya gari, kando ya barabara, na meza yake ilisimama chini ya mwavuli uliopauka kwa jua. Chupa zake zilipangwa vizuri, esanse ya manjano ikang'aa ndani yake hata ukatamani kuinywa. Sifa ya Mama Séraphine ilikuwa usafi. Hakumimina esanse kabla ya kuichuja kwa kitambaa cheupe, na kitambaa hicho alikifua mwenyewe. Binti yake Rachelle, aliyekaa dawati moja na Laure shuleni, ndiye aliyeshika mpare, ile faneli ya kumiminia.

"Umetoka kuota?" Rachelle alimnong'oneza dirishani. "Uso wako uko na alama ya mukanda wa kiti."

Laure alicheka kidogo tu, kisha akageuza uso.

Walianza kupanda kilima. Papa Kalala alikanyaga mafuta ili turbo isukume, kama alivyopenda. Gari lilinyanyuka, likatia nguvu, halafu, katikati ya mlima, ikasikika pufu! Baada ya hapo likawa gari jingine. Lilitetemeka toka mbele hadi nyuma, likakohoa, likatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi. Kila Papa alipokanyaga, kitu kilipiga mluzi chini, na nguvu hazikuja.

Sasa, katika mji huu gari likikohoa, mtu wa kwanza kulaumiwa ni kadafi. Fundi huulizwa baadaye. Papa Kalala hakuwa tofauti na madereva wengine. Aligeuza gari, likateremka likitikisika mpaka penye ule mwavuli.

"Mama Séraphine!" alipaza sauti hata kabla hajashuka. "Umeniuzia maji!"

"Miye?" Mama Séraphine alisimama, kitambaa cheupe mkononi. "Papa Kalala, miaka yote hii gari yako inakunywa hapa kwangu. Siku gani nilikupa maji?"

"Leo njo leo! Ona moshi! Nimetoka hapa gari iko muzima, nimefika pale juu inakufa. Sasa njo nini kama si esanse yako?"

Watu walianza kukusanyika. Dereva mmoja wa pikipiki, aliyekuwa ameshashika chupa, aliirudisha mezani polepole, akaondoka. Mama Séraphine aliiona ile chupa ikirudi. Kwake yeye, jina lake lilikuwa ndilo duka lake. Mwavuli na meza kila mtu anaweza kununua.

Rachelle alimtazama Laure dirishani, macho yakimwomba aseme chochote cha kumtetea mama yake. Laure alitazama jiwe miguuni pake.

Gari lilipelekwa gereji kwa Tantine Blandine, mdogo wake Papa Kalala. Tantine alikuwa amesomea mekanike, na gereji yake ilikuwa kibanda cha bati karibu na reli. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, asiyeharakishwa na mtu. Kabla ya kugusa gari lolote, aliliomba lingurume, akalisikiliza amefumba macho.

"Anaota huyu," Papa Kalala alinung'unika. "Njo ukoo wetu. Blandine, nakwambia ni maji kwenye esanse!"

"Tutaona," Tantine alijibu.

Alitoa esanse kidogo kutoka kwenye tangi, akaitia ndani ya chupa safi, akaiweka dirishani.

"Ikilala hapa mupaka kesho, maji yatashuka chini yenyewe," alisema. "Maji na esanse hawalali kitanda kimoja."

Jumapili baada ya misa walirudi. Jua liliingia dirishani likapita ndani ya chupa, likachora doa la dhahabu ukutani. Laure angeweza kulitazama doa hilo mpaka jioni. Esanse ilikuwa safi toka juu hadi chini.

"Hakuna maji," Tantine alisema.

"Basi ametia mafuta ya taa!"

Tantine alinusa, akatikisa kichwa. Kisha akafungua bujii, zile plagi ndogo zinazowasha moto ndani ya moteri, akamwonyesha kaka yake. Zote zilikuwa nyeusi kwa masizi.

"Ona. Hii moteri inakula esanse nyingi, hewa inapata kidogo. Turbo ni feni ndogo, Laure," alimgeukia msichana, kwa sababu alipenda kueleza. "Moshi ukitoka unaizungusha, nayo inasukuma hewa ndani. Mwanzoni mwa njia kuna kidude kinapima ile hewa, na moteri inajipimia esanse ya kuitosha. Hewa ikipotelea njiani, esanse inazidi. Njo inatetemeka, njo inatoa moshi mweusi. Mabomba ya juu nimepapasa yote, yako mazima. Lile la chini linapita nyuma ya bampa, na bampa haina hata alama." Kisha akauliza, "Kalala, hii gari imegonga kitu?"

"Haijagonga kitu! Miye njo naiendesha, ningejua."

Papa Kalala alisema kwa moyo mweupe kabisa. Tantine alimtazama Laure pia, kwa kuwa naye hupanda gari hilo. Ilikuwa ndoto, alijiambia. Nikisema mtumbwi uligonga ufuko wa Mpala, watacheka mpaka walie. Akainamisha kichwa, akaanza kuzipanga nati chini kwa ukubwa, kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

"Sawa," Tantine alisema, akashusha pumzi. "Basi kesho nitafungua turbo yenyewe."

Jumatatu, Laure alipoingia darasani, dawati lao lilikuwa na mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Rachelle alikuwa amehamia mbele, kati ya wasichana wengine wawili, wamebanana. Wakati wa mapumziko Laure alimfuata ukutani.

"Rachelle, mbona umehama?"

"Baba yako amesema mama yangu ni mwizi."

"Hakusema mwizi. Alisema…"

"Kuuza maji ukisema ni esanse, njo nini?" Macho ya Rachelle yalikuwa mekundu. "Jana hakuna muntu aliyesimama. Leo asubui hakuna. Mama anapanguza chupa, anazipanga tena, anapanguza. Laure, nakuuliza, weye ulikuwa ndani ya gari. Uliona mama akitia maji?"

"Hapana."

"Basi kwa nini ulinyamaza?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alitamani kuota akashindwa. Alitazama ziwa lililoonekana chini ya kilima, akalingoja limchukue kama siku zote. Halikumchukua. Lilikuwa maji tu.

Baada ya masomo hakwenda nyumbani. Aliteremka mpaka kule wanakoanika ndagala. Upepo ulikuwa umelala, na akina mama walikuwa wanageuza samaki kwa mikono, wanaimba chini chini. Nguzo ya reli ilisimama pale pale. Laure aliikaribia kwa hofu, ungedhani inaweza kumshika. Chuma chote kilikuwa chekundu kwa kutu, isipokuwa sehemu moja, chini, chini ya usawa wa goti lake. Hapo palikuwa na mkwaruzo mpya, na ndani ya mkwaruzo rangi ya buluu.

Aliigusa kwa kidole. Kwa hiyo mtumbwi ulitembea kweli. Ulitembea kwa sababu hapakuwa na jiwe, na jiwe halikuwepo kwa sababu yake yeye.

Alikaa chini mchangani. Angeweza kulifuta lile doa la buluu kwa mchanga na mate, na wazo hilo lilimpitia, tusifiche. Angefuta, angerudi nyumbani, na gari lingefunguliwa turbo, na Mama Séraphine angeendelea kupanguza chupa. Alimwona Mama Séraphine akipanguza. Hakuhitaji kufumba macho ili amwone. Laure alilia pale, sauti yake ikapotea katika nyimbo za wale akina mama, halafu akapiga moyo konde, akakimbia njia yote mpaka gereji.

Tantine Blandine alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana. Papa Kalala alikuwa amekaa kwenye gurudumu kuukuu, amekunja uso.

"Tantine! Usifungue turbo!" Laure alisema huku akihema. "Gari iligonga. Kwenye ile reli, Jumamosi. Sikuweka jiwe, Papa. Nililala. Niliota niko kwenye mutumbwi, mutumbwi ukagonga, nikaamuka. Uliponiambia nitoe jiwe, nilijifanya nalitoa. Halikuwa pale. Lilikuwa ndani ya gari."

Papa Kalala alisimama. "Unasema nini? Mutumbwi gani? Sasa unaniletea ndoto?"

"Kalala, kaa," sauti ilisema kutoka chini ya gari. Tantine alijiburuta akatoka, uso umejaa mafuta, akapiga magoti mbele ya Laure, macho yao yakawa sawa. Hakucheka hata kidogo. "Niambie hiyo ndoto. Mutumbwi uligusa upande gani?"

"Kushoto. Upande wangu."

"Juu ao chini?"

"Chini, karibu na miguu."

"Kulikuwa na sauti?"

Laure alifumba macho. Maji laini yalirudi, na nyanya mchangani, na mikono yake. "Kwanza dum. Halafu… kitu kikashusha pumzi. Fuu, kidogo tu."

Tantine alichukua spana zake, akaanza kuifungua bampa upande wa kushoto. Ilikuwa bampa ya plastiki. Ilipogongwa iliingia ndani, na gari liliporudi nyuma ilijirudisha mahali pake. Mkwaruzo mmoja mwembamba ulikuwa chini kabisa, mahali ambapo mtu haoni mpaka alale kifudifudi. Tantine aliivuta bampa ikaachia. Nyuma yake kilikuwepo kisanduku cha bati chenye mapezi, kilichofanana na radiateri ndogo.

"Hapa njo hewa ya turbo inapita ipoe," alisema. "Na ona hapa."

Kisanduku kilikuwa kimesukumwa nyuma kidogo, na bomba nene la mpira lililotakiwa kukishika kutoka kwa turbo lilikuwa limechomoka. Ukingo wake ulikuwa umechanika, na kole, ile pete ya chuma inayolibana, ilining'inia.

"Ilipogonga, kole iliteleza, bomba likabaki limeshika kidogo," Tantine alieleza. "Pale chini, barabara tambarare, hamkusikia kitu. Kwa Mama Séraphine mulifika salama. Mulipoanza kupanda, turbo ikasukuma kwa nguvu, bomba likaruka. Njo ile pufu. Esanse haiko na kosa."

Papa Kalala aliinama akalipapasa bomba. Kisha alimtazama binti yake, na Laure akajiandaa kwa lolote. Lakini uso wa baba yake ulikuwa wa mtu aliyekumbuka jambo baya.

"Nilimupigia makelele mbele ya watu," alisema polepole.

Tantine alikata ukingo uliochanika, akalirudisha bomba, akalibana kwa kole mpya, akanyoosha vishikizo vya kisanduku, akasafisha bujii. Jioni ilikuwa inaanza kuingia, mwanga umekuwa wa rangi ya asali, alipomwambia kaka yake awashe.

"Nimwage esanse kwanza?" Papa Kalala aliuliza.

"Usimwage hata tone. Washa na ile ile."

Moteri iliwaka. Ilinguruma sauti moja, taratibu, bila kutetemeka na bila moshi. Tantine alifumba macho akaisikiliza, Laure naye akafumba yake, na Papa Kalala, ambaye hakuwa mtu wa mambo hayo, alifumba pia.

"Sasa sikilizeni nyote wawili," Tantine alisema, akipangusa mikono. "Fundi hana macho ya kuona jana. Anafuata anayoambiwa. Laure, ulificha kitu kidogo, jiwe moja tu. Lakini kwa sababu ulikificha, sisi wote tukatafuta kosa mahali ambapo haliko, na pale kulikuwa na muntu amekaa na chupa zake. Kulala si kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuwa kuinama na kushika hewa. Siku ingine, sema mapema, hata kama unaogopa, hata kama watacheka. Na weye Kalala, usimuhukumu muntu kabla hujafungua kapo ya moteri uone."

"Nitakwenda kwake kesho," Papa Kalala alisema.

"Kesho?" Tantine aliinua nyusi. "Kama ile fren ya wiki ijayo?"

Walikwenda saa ile ile. Mama Séraphine alikuwa anakunja mwavuli, na chupa zake zilikuwa zimejaa zote, hakuna hata moja iliyopungua. Rachelle alikuwa anazipakia katika kreti. Laure alishuka wa kwanza.

"Mama Séraphine, esanse yako haikuwa na kosa. Miye sikuweka jiwe, gari ikagonga, nikanyamaza. Nisamehe. Rachelle, na weye unisamehe. Uliniuliza, nikakosa la kusema."

Mama Séraphine alimsikiliza, kisha akamtazama Papa Kalala aliyekuwa anakuja nyuma, kichwa chini.

"Mama, na miye naomba musamaha," Papa Kalala alisema kwa sauti ndogo.

"Sisikii," Mama Séraphine alisema.

"Naomba musamaha."

"Papa Kalala, siku ile ulisema kwa sauti gani? Hata kule kwenye daraja la Lukuga walikusikia. Omba kwa sauti ile ile."

Papa Kalala alitazama barabarani. Watu walikuwa wanatoka sokoni, pikipiki zinapita, na yule dereva wa pikipiki wa Jumamosi alikuwa amesimama upande wa pili. Alivuta pumzi.

"Enyi watu!" alipaza sauti, na kweli ilifika mbali. "Nilisema Mama Séraphine ameniuzia maji. Haikuwa kweli! Gari iligonga reli, bomba ya hewa ikatoka. Esanse yake ni safi, na njo hiyo hiyo inanitembeza sasa!" Kisha, akimshika Laure begani, akaongeza kwa sauti iliyopungua kidogo, "Huyu mutoto alilala kidogo tu, akaamuka mwenyewe. Miye njo nililala macho wazi."

Halafu Mama Séraphine akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya kreti, akajipangusa machozi kwa kile kitambaa cheupe, na haikujulikana yapi yalikuwa ya kicheko na yapi ya siku zile mbaya. Aliufungua tena mwavuli wake, ingawa jua lilikuwa linazama. Dereva wa pikipiki alivuka barabara, akachukua chupa.

"Njoo ushike mpare," Rachelle alimwambia Laure bila kumtazama. Kisha akamtazama. "Lakini usilale."

"Laure!" Papa Kalala aliita kutoka kwenye gari. "Hapa kuna mteremko kidogo!"

Laure alilichukua jiwe kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya gurudumu, akalisukuma kwa mguu mara mbili kuhakikisha limekaa. Baada ya hapo tu ndipo alipogeuka kulitazama ziwa.